Daftari la kasoro nalo lina kasoro

Kila programu ya kompyuta ina kasoro. Siyo siri, wala siyo aibu. Timu makini na timu ya kubabaisha zinatofautiana hapa: moja inaandika kasoro zake mahali pamoja, nyingine inaziacha kichwani kwa mtu mmoja na kwenye kundi la WhatsApp, simu ikiibiwa na kumbukumbu zimekwenda nayo. Wanaoandika hutumia mfumo wa kufuatilia hitilafu. Unaufungua kwenye kivinjari kama tovuti nyingine yoyote. Mtumiaji anaeleza alichokutana nacho, hitilafu inapewa namba, inakabidhiwa fundi, inajadiliwa, mwisho inafungwa. Mifumo huria ya kazi hii, yaani ile unayoipata bure pamoja na msimbo wake wote, ipo mingi: Bugzilla, MantisBT, Redmine, Trac.

Sasa shida ni kwamba wengi wakishausimika huusahau. Unafanya kazi, nani auguse? Ukimwambia fundi kuna sasisho la usalama la mfumo wa malipo, anaamka usiku huohuo. Ukimwambia kuna sasisho la usalama la MantisBT, anasema tutaona mwezi ujao, kile si kidaftari tu? Hebu tukiangalie vizuri hicho kidaftari.

Chukulia vijana watatu wa Kawajense, hapa Manispaa ya Mpanda, wamekitengenezea chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku mfumo wa kurekodi masoko: namba ya mkulima, kilo, daraja la tumbaku, makato ya pembejeo, kinachobaki. Kwenye seva ndogo hiyohiyo wameweka MantisBT ili makarani waripoti matatizo. Baada ya msimu mmoja daftari lina hitilafu kama sitini. Nyingi ni za kawaida: jina refu linakatika kwenye karatasi, tarehe inajipanga Kimarekani, kitufe hakibonyezeki kwenye simu ndogo. Lakini humo ndani kuna moja iliyoandikwa hivi: "Ukibadilisha namba ya mkulima pale juu kwenye anwani ya ukurasa, unaona hesabu za mkulima mwingine, na kilo zake unaweza kuzihariri." Aliyeiripoti ameweka na picha za skrini, hatua kwa hatua, kama alivyoombwa afanye. Fundi amejibu: "Kweli, nimeiona. Nitairekebisha baada ya masoko."

Soma tena jibu hilo la fundi. Kuanzia siku hiyo hadi masoko yaishe, mtu akiingia kwenye daftari hana haja ya utaalamu wowote. Hahitaji kuutafuta mlango ulio wazi, ameshaandikiwa mlango upo wapi, unafunguliwaje, na mwenye nyumba atachelewa kuufunga kwa muda gani. Jasho la msimu mzima la mkulima linategemea ticketi moja ambayo haijafungwa.

Ndiyo maana mingi ya mifumo hii ina sehemu ya faragha. Hitilafu ya kawaida inasomwa na yeyote. Hitilafu ya usalama inawekewa alama, nayo inaonekana kwa kundi dogo tu la watu wenye ruhusa. Utaratibu mzima umesimama juu ya swali moja ambalo programu inalijibu kila mara ukurasa unapofunguliwa: huyu ni nani, na ana haki ya kuona hili? Programu ikikosea jibu la swali hilo, faragha imekwisha.

Na imewahi kukosea, tena kwa wenyewe. Bugzilla ilizaliwa mwaka 1998 katika mradi wa Mozilla, watu wa kivinjari cha Firefox, na hadi leo kasoro za Firefox zinaandikwa humo. Tarehe 4 Septemba 2015 Mozilla walitangaza kwamba kuna mtu alikuwa akiingia kwenye sehemu ya faragha ya daftari lao. Dalili za uhakika zilirudi nyuma hadi Septemba 2014, na zilikuwepo ishara kwamba huenda alianza mwaka mmoja kabla ya hapo. Alifungua hitilafu 185 zisizo za umma. Kati ya hizo, 53 zilikuwa kasoro nzito za usalama. Nyingi, yaani 43, zilikuwa zimeshazibwa kwenye Firefox wakati anazisoma. Kumi hazikuwa zimezibwa. Na hapa ndipo takwimu zinapouma: mbili zilibaki wazi kwa chini ya siku saba tangu azione, tano kati ya siku 7 na 36, na tatu zilizobaki zilikaa siku 131, 157 na 335. Mwaka mzima kasoro mwezi mmoja, mtu anatembea na ramani mfukoni.

Mozilla waliamini kasoro moja kati ya hizo ndiyo iliyotumika kweli: mwezi Agosti 2015 tangazo lililowekwa kwenye tovuti moja ya habari ya Urusi lilikuwa likiiba mafaili kutoka kwenye kompyuta za waliolifungua kwa Firefox. Aliingiaje? Hakuvunja chochote. Mtu mmoja mwenye ruhusa za juu alikuwa anatumia nenosiri lilelile kwenye tovuti nyingine, tovuti hiyo ikadukuliwa, basi. (Kama na wewe nenosiri lako la baruapepe ndilo hilohilo la kwenye tovuti ya mikeka, tuonane baadaye.)

Kisa hicho kilitokana na nenosiri, hakikutokana na msimbo wa Bugzilla wenyewe. Lakini kipindi hichohicho msimbo nao ulikuwa na matundu yake, na mawili nataka nikueleze kwa sababu yanaonyesha jinsi makosa madogo yanavyoangusha ukuta mzima.

Mozilla, kama mashirika mengi, walikuwa wameipangia Bugzilla yao igawe ruhusa kwa kuangalia baruapepe: ukiwa na anwani inayoishia na jina la shirika, unaingizwa moja kwa moja kwenye makundi ya wafanyakazi. Ni rahisi, haina urasimu. Kila kitu kinategemea Bugzilla kuhakikisha kwamba anwani uliyoandika ni yako kweli, na inafanya hivyo kwa kukutumia kiungo cha kuthibitisha. Mwishoni mwa Septemba 2014 watafiti wa kampuni ya Check Point waliripoti kwamba uthibitisho huo unazungukwa. Baada ya kubofya kiungo, fomu inakuuliza jina lako kamili. Jina moja, nafasi moja. Wao wakatuma nafasi hiyohiyo mara kadhaa kwa mkupuo. Kwenye lugha ya Perl, ambayo Bugzilla imeandikwa, majibu yale ya ziada yalimwagikia kwenye nafasi za jirani, na mojawapo ilikuwa ni ile ya baruapepe iliyokwisha kuthibitishwa. Yaani unathibitisha anwani yako ya kweli, kisha unaibadilisha kimyakimya iwe ya shirika, na mfumo unakukaribisha kama mfanyakazi. Kiraka kilitoka tarehe 6 Oktoba 2014. Tundu lenyewe lilikuwamo tangu toleo la 2.23.3, la miaka ya 2000 huko.

Mwaka haujaisha, likatokea la pili. Umewahi kujaza fomu ya serikali yenye visanduku vya herufi, jina la babu likagota ukutani? Hifadhidata nayo ina visanduku. Sehemu ya jina la kuingilia kwenye Bugzilla iliyotumia MySQL ilichukua herufi 127. Zikizidi, zilizobaki zinakatwa bila kelele. Sasa mtu anatengeneza anwani ndefu sana, ambayo herufi ya 127 inaangukia pale tu jina la shirika linapoishia, na baada ya hapo anaendeleza kwa jina la tovuti yake mwenyewe. Kiungo cha kuthibitisha kinatumwa kwa anwani nzima, kwa hiyo kinamfikia yeye. Kinachohifadhiwa ni anwani iliyokatwa, inayoishia na jina la shirika. Karibu sana mfanyakazi! Hilo lilizibwa tarehe 10 Septemba 2015 katika matoleo ya 4.2.15, 4.4.10 na 5.0.1.

MantisBT nayo ina kisa chake, na mimi binafsi ndicho ninachokipenda zaidi kufundishia. Ukisahau nenosiri, mfumo unatengeneza neno la siri la muda, unalihifadhi, na kukutumia kiungo chenye neno hilo. Ukibofya, unalinganisha: neno ulilokuja nalo na neno lililohifadhiwa vinafanana? Vikifanana, badilisha nenosiri. Swali: kama mtu hajawahi kuomba kubadilisha nenosiri, lililohifadhiwa ni nini? Hakuna kitu. Na mimi nikija na kiungo kisicho na neno lolote, nimekuja na nini? Hakuna kitu. Mfumo ulilinganisha tupu na tupu, ukaona vinafanana, ukafungua. Bila akaunti, bila kubahatisha, mtu yeyote angeweza kubadilisha nenosiri la msimamizi mkuu, ambaye kwa kawaida ndiye akaunti namba 1. Kasoro hiyo ilipewa namba CVE-2017-7615, ikazibwa Aprili 2017 kwenye matoleo ya 2.3.1 na 1.3.10 pamoja na mengine ya matawi yake.

Hapo sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi hawalielewi kuhusu masasisho ya usalama. Tunadhani sasisho ni kama chanjo: ukichelewa wiki mbili tatu, hali yako ni ileile ya jana. Sivyo. Siku kiraka kinapotoka, hali yako inakuwa mbaya kuliko jana.

Sababu ni hii. Programu ikiwa huria, msimbo wa zamani upo hadharani na msimbo mpya upo hadharani. Kuna zana inayoweka mafaili mawili kando kwa kando na kukuonyesha mistari iliyobadilika. Kwenye kisa cha MantisBT, mabadiliko ya maana yalikuwa machache mno, na mtu anayeijua PHP akiyatazama dakika kumi anafahamu tundu lilikuwa wapi. Kiraka chenyewe ndicho kinachomwelekeza mdukuzi. Jana waliolijua tundu walikuwa wachache, labda mtafiti aliyeliripoti na watengenezaji. Leo wanalijua wote wanaosoma matangazo, na wengine wameshaandika programu ndogo inayopita seva moja baada ya nyingine duniani ikijaribu mlango huohuo. Programu hiyo haijui Kawajense wala Kariakoo; inasoma namba za anwani za intaneti kwa mfuatano tu. Kwa hiyo lile neno "sisi wadogo, nani atatutafuta" halina uzito. Hakuna anayekutafuta, unapitiwa tu.

Mfano wa gharama ya kuchelewa unajulikana. Tarehe 7 Machi 2017 kilitoka kiraka cha programu huria iitwayo Apache Struts. Kampuni ya Marekani ya Equifax, inayotunza historia za mikopo ya watu, haikukiweka kwenye mfumo wake mmoja. Mwezi Mei wadukuzi wakaingia kupitia tundu hilohilo. Taarifa za watu karibu milioni 147 zikaondoka. Struts siyo mfumo wa kufuatilia hitilafu, lakini saa inayohesabu ni ileile.

Watu huniuliza: basi si bora programu za kununua, ambazo msimbo wake umefichwa? Hapana. Viraka vya programu za kununua navyo huchambuliwa, ila inachukua muda na ujuzi zaidi. Na tundu la Bugzilla lilionekana kwa sababu kuna mtu wa nje aliweza kuusoma msimbo. Uhuria unakupa macho mengi. Haukupi mtu wa kuja Mpanda kukuwekea sasisho.

Afrika Mashariki tunalo hili kwa ukaribu kuliko tunavyodhani. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na umesambaa nchi nyingi. Mwanzoni mwa 2019 ilitangazwa kwamba sehemu yake inayopokea data kutoka programu nyingine ilikuwa ikifungua mzigo kabla ya kuuliza umeletwa na nani. Mtu asiye na akaunti angeweza kutuma mzigo uliotengenezwa kwa hila na kuiamuru seva ifanye atakalo. Kwenye kipimo cha ukali cha 0 hadi 10 ilipata 10. Dawa ilikuwa kuweka toleo la 2.24.0 la sehemu hiyo. Na kwetu hapa, takwimu za vitabu vya MTUHA kutoka zahanati zinaishia kwenye DHIS2, mfumo huria ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Nao mwaka 2021 ulitoa viraka vya matundu yaliyomwezesha mtu mwenye akaunti kupenyeza amri kwenye hifadhidata. Hilo halinitii hofu. Mradi unaotangaza kasoro zake ni mradi unaofanya kazi. Ninachotaka uone ni kipindi cha katikati: kati ya siku mtu anaporipoti kasoro kama hiyo na siku kiraka kinapotoka, kasoro inakaa wapi? Inakaa kwenye daftari, sehemu ya faragha. Kila mgonjwa ambaye faili lake liko kwenye mfumo huo anategemea daftari ambalo hajawahi kulisikia.

Tuwarudie wale vijana watatu wenye mfumo wa tumbaku. Wafanye nini?

La kwanza kabisa halihitaji bando: je, daftari lina ulazima wa kuonekana kwenye intaneti nzima? Kama makarani wote wapo ofisi moja, liwe kwenye mtandao wa ndani tu. Mlango usiopo haugongwi. Hapo umejipunguzia robo tatu ya usingizi wa mang'amung'amu, hata kabla ya sasisho lolote. Kwa MantisBT, angalia pia mabaki ya usimikaji: akaunti ya kwanza huja na jina "administrator" na nenosiri "root", maandishi yaliyomo kwenye maelekezo yake ambayo dunia nzima imeyasoma, na kuna folda ya admin ambayo wenyewe wanakwambia uifute ukimaliza. Kama vyote viwili bado vipo, acha kusoma makala hii kwanza.

Kisha awepo mtu mmoja mwenye jina, siyo "timu", aliyejiandikisha kupokea matangazo ya mradi kwa baruapepe. Matangazo ya usalama ni machache kwa mwaka, hayatamchosha. Likija, asome mambo matatu: linahusu toleo letu? Mshambuliaji anahitaji akaunti au hahitaji? Anapata nini akifanikiwa? Kasoro isiyohitaji akaunti na inayompa mtu usimamizi haingoji Jumatatu. Kasoro inayohitaji msimamizi ajidhuru mwenyewe inaweza kungoja.

Kuweka sasisho lenyewe si kazi kubwa, kinachotesa watu ni woga wa kuharibu. Woga huo una haki, hasa kwa mji kama Mpanda, ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, na kila mtu hapa anajua umeme ukikatika katikati ya kazi kunatokea nini. Kwa hiyo: nakili hifadhidata nzima, nakili folda ya programu na ya viambatisho, peleka nakala kwenye diski nyingine, halafu ijaribu nakala hiyo kwenye kompyuta mpakato kuona kama inafunguka kweli. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Pakua kifurushi mapema kwenye Wi-Fi ya uhakika au bando la usiku, linganisha alama yake ya uhakiki na ile iliyochapishwa na mradi, ndipo uanze, betri ya akiba ikiwa imejaa. Toleo dogo ndani ya tawi lilelile mara nyingi linabadilisha mafaili tu. Ukiruka matoleo makubwa, muundo wa hifadhidata nao unabadilika, na ndiyo maana anayesasisha mara kwa mara anapata kazi ndogo, anayengoja miaka mitano anapata msiba.

Tazama pia kama mradi wenyewe bado una uhai. Bugzilla, pamoja na heshima yake yote, haikutoa toleo jipya imara kati ya Februari 2019 na Septemba 2024. Ningekuwa naanza leo na timu ndogo, ningeangalia hilo kabla ya kuangalia uzuri wa rangi.

Mwisho, kuhusu wewe ambaye umeshaanza kujiuliza daftari la ofisi fulani lina toleo gani. Usilijaribu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haiangalii kama nia yako ilikuwa njema ulipoingia bila ruhusa. Ukiona kasoro kwa bahati katika matumizi ya kawaida, waandikie wenye mfumo kwa faragha, eleza ulichokiona na usiende mbali zaidi ya hapo. TZ-CERT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA, kinapokea taarifa za aina hiyo. Na kama mfumo ni wa kwenu na una majina ya watu ndani, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Ile ticketi ya namba ya mkulima, ambayo fundi aliahidi kuirekebisha baada ya masoko, sasa ina mwenyewe anayeweza kudai.